Vishindo Upande wa Kushoto

Redio hiyo ililetwa kwenye kibanda changu cha ufundi, Moshono, ikiwa imeviringishwa blanketi na kufungwa kamba ya turubai, kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Aliyeileta alikuwa mwanamume wa makamo, mwuza spea za malori Dar es Salaam, lakini mzaliwa wa Meru, kule juu ya Makumira ambako migomba na kahawa hupanda mlima mpaka zikakutana na msitu. Aliitua juu ya meza yangu, meza ikatoa mlio. Chombo kile kilikuwa na uzito wa ndama aliyenyonya akashiba, na hapo ni kipokezi tu! Amplifaya ilibaki nyumbani, na spika zake mbili zilibaki nyumbani, kila moja kubwa kama kabati la bibi harusi.

"Wewe ndiye fundi wa redio za valvu?" akauliza.

"Mkoa mzima niko peke yangu," nikamjibu. "Nchi nzima tuko wawili, na mwenzangu haoni vizuri."

Hakucheka. Watu wote hucheka hapo.

"Hii ni ya marehemu baba," akasema. "Mama anasema kuna mtu upande wa kushoto."

"Mtangazaji?"

"Hapana. Mtu. Anatembea."

Nikavuta kigoda nikakaa. Akanieleza taratibu, macho yakiwa barabarani kama vile anamwelezea mtu mwingine. Baba yao alifariki mwaka uliopita. Mama yao anaishi peke yake katika nyumba ile ya mlimani, na mchana huwasha redio ya mumewe ili nyumba isinyamaze. Sasa kwa majuma kadhaa amekuwa akiwaambia watoto wake kwenye simu kwamba kwenye spika ya kushoto, ile iliyo kando ya kiti cha marehemu, anamsikia baba yao akitembea. Hakusema kwa hofu. Alisema kama mtu anayetoa habari za nyumbani: ng'ombe amezaa, ndizi zimeiva, baba yenu anatembea.

"Tumekaa kikao, sisi watoto wote," akasema. "Mtu wa namna hiyo hawezi kuachwa peke yake. Jumamosi naondoka naye kwenda Dar."

"Na mwenyewe anasemaje?"

"Anasema kaburi la mumewe liko kwenye migomba, na yeye atatoka pale akiwa amebebwa." Akajifuta uso. "Nimemwomba kaka yangu mkubwa siku chache. Kama ni redio, niambie ni redio, mama abaki kwake. Kama si redio, fundi, mama yangu akili inamtoka, na mimi sina la kufanya."

Basi kazi yangu ikawa hiyo. Nimewahi kutengeneza redio ili mtu asikie mpira, redio ili duka lipate wateja, hata redio ya mtu aliyetaka kumkera jirani yake. Kutengeneza redio ili mama wa watu asihamishwe nyumbani kwake, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Elimu yangu ya mambo haya niliipata shule ya jioni, nikiwa nimeshachoka na kazi ya mchana, na umeme ulikuwa unakatika kila mwalimu alipoanza kuchora. Nadhani darasa letu ndilo pekee duniani lililosomea umeme gizani. Lakini somo la stereo nililielewa vizuri mno, kwa sababu mwalimu alilifundisha kwa mfano wa gunia. Stesheni, alisema, haikutumii sauti ya kushoto na sauti ya kulia kila moja kwenye mfuko wake. Inazichanganya zote kwenye gunia moja, halafu inashonea juu yake uzi mwembamba, mlio wa juu ambao sikio la mwanadamu halisikii. Redio yako ikiushika uzi huo barabara, gunia linafunguka: hiki cha kushoto, hiki cha kulia. Ikiushika upande, vitu vinamwagika. Wa kushoto anaonekana kulia, wa kulia anatokea katikati, na muziki unakuwa kama watu wanaogombea mlango.

Ndani ya redio, anayeushika uzi ni koili ndogo yenye kiini kinachozungushwa kwa bisibisi ya plastiki. Ya plastiki, kwa sababu ukiingiza chuma koili inakasirika na kukudanganya. Unazungusha kidogo sana, pungufu ya unavyozungusha kichwa kumtazama mtu aliyekuita, na unasikiliza.

Nilipoifungua redio ile pale mezani nikakuta uzi umeshikwa vibaya kweli. Nilifunga amplifaya yangu na spika zangu mbili za majaribio, nikatafuta stesheni inayorusha muziki wa stereo, na gitaa lililotakiwa kuwa kushoto lilikuwa linarandaranda chumba kizima kama mlevi anayetafuta kofia. Nikasafisha miguu ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani ya redio za zamani, nikabadilisha kapasita zilizokauka, nikashika bisibisi yangu. Nikazungusha. Gitaa likasogea. Nikazungusha tena kidogo, likaenda kushoto, likakaa, likatulia tuli. Taa ndogo ya stereo ikawaka, na lile jicho la kijani linaloonyesha nguvu ya mawimbi likafumba karibu kabisa, kama paka aliyeridhika.

Nikampigia simu mtoto wa marehemu. "Bosi," nikasema, "ni redio. Sauti zilikuwa zinavuja upande hadi upande. Mama alikuwa anasikia vipande vya watu wa stesheni. Nimeziba."

"Una uhakika?"

"Uhakika wangu ukiupima kwenye mizani, mizani inavunjika."

"Basi ukaifunge kule kule nyumbani. Usikilize kule kule. Mimi nitakuja alasiri nikitoka mjini."

Nikakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikaipakia redio. Tulipoacha lami karibu na Makumira na kuanza kupanda, mlima ulikuwa umeshajifunika. Ukungu ulikuwa unashuka kwenye kahawa kama moshi wa jiko lenye kuni mbichi. Mchana ulikuwa bado mchana, lakini mwanga wake ulikuwa wa kuazima. Kirikuu kiliishia chini ya kilima, nikaubeba ule mzigo mwenyewe begani, nikaruka mfereji mkavu unaopita mbele ya nyumba, na kwa mwendo ule nadhani nilizeeka miaka mitatu.

Nyumba ilikuwa ya zamani, ya mbao, ya enzi za mashamba makubwa ya kahawa. Marehemu aliinunua, pamoja na redio, kwa meneja wa shamba aliyekuwa anarudi kwao. Sakafu ilikuwa ya mbao pia, imeinuliwa juu ya ardhi, na ukiikanyaga inakujibu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba baba. Umeirudisha? Kaa kwanza unywe chai."

Alikuwa mama mnyoofu, mwembamba, kanga juu ya sweta, macho makavu yenye akili. Nilimtazama nikitafuta wazimu nikakosa. Aliniuliza habari za watoto wangu, akaniuliza kwa nini nimekonda, mimi ambaye mkanda haunitoshi, akanisema kwa kuvaa viatu vya mjini kwenye udongo wa Meru. Kama huo ndio wazimu, basi mama yangu mzazi ni mgonjwa sugu.

Nikaiweka redio mahali pake, kwenye kabati fupi la mbao lililokaa sakafuni. Spika ya kushoto ilikuwa dirishani, kando ya kiti chenye mto uliobonyea katikati. Spika ya kulia ilikuwa kando ya mlango wa mbele. Nikaunganisha nyaya, nikasubiri valvu zipate moto, na jicho la kijani likafumbuka polepole ndani ya kile chumba chenye giza la ukungu.

Stesheni ilikuwa inapiga kwaya. Nisiseme uongo, nilijivuna. Sauti ya kwanza ilisimama dirishani, ya besi ilisimama mlangoni, wengine wakajipanga katikati, na mahali palipokuwa na ukuta mtupu pakawa na watu. Ndivyo stereo iliyopangwa vizuri inavyofanya. Haikuletei sauti, inakuletea watu wasioonekana, na ukiwa kwenye nyumba ya mtu aliyefariki, hilo si jambo unalolifurahia moja kwa moja.

Mama alisimama akasikiliza, kichwa ameinamisha.

"Wamepangwa vizuri," akasema. "Basi nikakamue ng'ombe. Wewe endelea na kazi yako."

Akatoka kwa mlango wa jikoni. Nikamwona kupitia dirishani akiingia kwenye ukungu na ndoo yake, akipita pale kwenye migomba, akipotea. Wimbo ukaisha. Mtangazaji akavuta pumzi.

Kwenye ile pumzi, upande wa kushoto, mtu akapiga hatua.

Kishindo kimoja kizito, cha chini, cha mguu wenye buti. Kikafuata kingine. Kisha kimya kifupi, kama mtu aliyesimama kutazama nje, kisha vikaendelea.

Mimi ni mtu mwenye mwili. Nilisimama haraka hivi kwamba kofia yangu ilibaki hewani ikinisubiri. Nikatazama kiti. Kiti kilikuwa kitupu na mto wake umebonyea. Nikajiambia: fundi, hii ni koili, umeipanga mjini, imetikisika njiani. Nikachomoa bisibisi ya plastiki, nikagusa kiini. Mtangazaji akayumba kwenda kulia, akarudi. Vishindo havikuyumba. Nikazungusha mpaka kushoto na kulia vikachanganyika kabisa, mtangazaji akawa anaongea kutoka kila kona. Vishindo vikabaki dirishani, kando ya kiti, vya mtu asiye na haraka.

Basi si stesheni, nikawaza, na jasho likaanza. Nikachomoa waya wa antena. Mtangazaji akazama kwenye mlio wa mvua, ule mlio wa redio isiyo na stesheni. Na ndani ya mvua ile mtu alikuwa anatembea.

Nilisali. Nilisali sala zote nilizofundishwa na nyingine ambazo nadhani nilizitunga pale pale.

"Umemsikia," mama akasema nyuma yangu.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na ndoo ya maziwa. Hakuuliza. Alisema tu, na usoni mwake kulikuwa na kitu cha kunisikitikia.

"Mama, wewe umeingia saa hizi? Hukuwa unatembea humu ndani?"

"Nilikuwa zizini, umeniona mwenyewe. Keti, baba. Hana ubaya. Wiki nzima anaweza asije, halafu anakuja, anatembea mpaka anachoka. Hivyo ndivyo alivyokuwa." Akaweka ndoo chini. "Watoto wanasema nimechanganyikiwa. Wewe umechanganyikiwa?"

"Bado kidogo, mama."

Akacheka. Kicheko chake kilinirudishia damu mwilini, na pamoja na damu ikarudi akili. Nikakumbuka njia ambayo kila fundi wa valvu anaijua, ya kuuliza redio swali lisilojibika kwa uongo. Ndani ya kipokezi kile, baada ya sauti kugawanywa, kila upande una valvu yake ya mwisho, na hizo mbili ni pacha, aina moja. Ukishuku upande mmoja, unazibadilishana. Kama tatizo likibaki pale pale, tatizo liko mahali pengine. Kama likihama pamoja na valvu, umemkamata.

Nikazima redio, nikasubiri zipoe, nikazichomoa kwa leso. Ya kushoto nikaiweka kulia, ya kulia nikaiweka kushoto. Nikawasha. Jicho la kijani likafumbuka. Mvua ikaanza kunyesha kwenye spika zote mbili.

Kushoto palikuwa kimya. Vishindo vilikuwa kulia, pale mlangoni.

"Mama, tumempata!" nikapiga kelele. "Ni valvu! Valvu ikizeeka, vyuma vyake vya ndani vinalegea, inaanza kusikia kama maiki. Ukigonga meza inasikia, ukitembea inasikia..."

Mama alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Umemsogeza mlangoni," akasema. "Anaondoka huyo."

"Mama, hapana, ni hiki kioo kidogo tu..."

"Kwa nini umemsogeza mlangoni?"

Furaha yangu ilikuwa imeanza kupoa yenyewe. Valvu inasikia, sawa. Inasikia nini? Mama alikuwa amesimama. Mimi nilikuwa nimesimama. Ng'ombe yuko zizini. Hakuna aliyekuwa anatembea katika nyumba ile, na valvu ilikuwa inasikia hatua.

Kisha vikakoma. Havikufifia. Vilikoma kama mtu aliyefika alikokuwa anakwenda. Mama akatazama mlango.

Hapo ndipo mtoto wake alipofika, akihema, suruali imelowa umande wa kahawa. Aliamkia, akatutazama wote wawili, akaona kuna jambo.

"Eeh fundi? Ni redio au si redio?"

"Ni valvu, bosi. Valvu moja imezeeka, inasikia mtikisiko."

"Mtikisiko wa nini?"

"Wa mtu kutembea."

"Nani?"

Nikapiga makofi mawili karibu na redio, na spika ya kulia ikayarudia, dufu, dufu, kwa kuchelewa na kwa mlio wa kengele. Nikakanyaga sakafu, ikarudia. Akaona kwamba sisemi uongo. Lakini hakuwa mtu wa kupewa nusu ya habari.

"Hiyo nimeelewa," akasema. "Chombo kinasikia. Lakini mama akiwa amekaa kwenye kiti, peke yake, nani anayekanyaga? Nikawaambie nini wenzangu? Kwamba redio nayo inamsikia baba?"

"Nimekwambia siku zote," mama akasema.

"Mama, tafadhali."

"Usiniambie tafadhali. Mwenzio huyu amesikia. Mwulize, alitetemeka kama kuku aliyenyeshewa."

"Nilitetemeka kidogo," nikasema.

"Kidogo! Alisali!"

Mtoto akakaa kwenye stuli, akaegemeza kichwa mikononi. Nilimwonea huruma. Alikuwa amekuja kutafuta sababu ya kumwacha mama yake, na mimi nilikuwa nimempa sababu iliyokatika katikati. Ukungu ulikuwa umefika dirishani, kioo kimekuwa cheupe. Redio ilikuwa inanyesha mvua yake taratibu na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Mara tukasikia sauti ya mwanamume ikiita kutoka juu mlimani, kwenye shamba la jirani.

"Mamaaa! Nimetoa majani yaliyoziba! Maji yanarudi!"

"Asante baba!" mama akaitikia kwa dirisha.

"Maji gani?" nikauliza.

"Ya mfereji. Leo ni zamu yetu. Jirani ananifungulia, mimi mgongo hauniruhusu tena kuinua mawe."

Kwa asiyejua, kule juu maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu, shamba hadi shamba, na zamu huhama. Leo asubuhi, safari nyingine jioni, safari nyingine baada ya wiki, kamati inavyopanga. Anayepewa zamu huondoa kizibo cha mawe na magome ya mgomba, maji yakaingia kwake, na muda wake ukiisha hufunga yakaenda kwa mwingine.

Maji yakafika. Sisi hatukuyasikia. Valvu iliyasikia. Mlangoni, ndani ya ile mvua ya spika, mtu akapiga hatua, akasimama, akapiga nyingine.

Mtoto wa marehemu aliinua kichwa. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusikia. Mpaka leo sijaona uso wa mtu mzima ukirudi utotoni kwa kasi ile. Alikodolea macho spika kando ya mlango, midomo wazi, na nikajua kwamba hakuwa anasikia vishindo vya mtu yeyote tu. Alikuwa anasikia vishindo anavyovijua.

Kisha akatazama sakafuni.

"Mfereji unapita wapi?" akauliza kwa sauti ndogo. Alikuwa anajiuliza mwenyewe. "Unapita mbele... halafu unaingia chini. Baba aliweka kalvati. Pale, chini ya kabati hilo." Akasimama. "Kizibo kiko kule kule kwenye migomba?"

"Kule kule," mama akasema. "Pale alipo yeye."

Akatoka bila koti.

Tukabaki mama na mimi, tukitazama spika kama watu wanaotazama jiko la maziwa. Vishindo viliendelea. Dirishani hapakuonekana kitu, ukungu mtupu. Baada ya muda vikaanza kuachana. Kimoja. Kimya kirefu. Kingine. Kimya. Kimoja cha mwisho, chepesi, kama mtu aliyegeuka kusema neno akaghairi. Kisha mvua ya redio peke yake.

"Amefunga," nikanong'ona.

Mama alikuwa ameketi kwenye stuli, mikono imeshikana mapajani.

Vikaanza tena. Amefungua. Maji yalikuwa yanaingia kwenye kalvati ile nyembamba, yanabanwa na hewa, yanameza funda, yanatulia, yanameza funda tena, na kila funda linatikisa mbao za sakafu, na mbao zinatikisa kabati, na valvu ile ya kizee inasikia. Nililiona lote kichwani kama mchoro wa mwalimu wangu. Nikaelewa pia kwa nini marehemu hakuwahi kuyasikia, wala mama mumewe alipokuwa hai. Siku ya zamu redio ilikuwa imezimwa, kwa kuwa mwenye redio alikuwa nje kwenye mfereji. Nikamweleza mama hayo yote kwa pumzi moja. Aliniachia nimalize.

"Maji," akasema.

"Maji, mama."

"Aliyachimbia njia kwa mikono yake, hayo maji. Mwaka ule nina mimba ya huyu." Akaelekeza kidevu nje. "Nilikuwa namsikia akitembea huku na huku, akipima."

Nimeeleza watu hadithi hii mara nyingi, na kila mara hufurahi hapa, wanasema, kumbe maji! Hufurahi kwa sababu hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, nimeshajua ni maji, nimeshalimaliza fumbo, na nywele zangu hazikulala. Kwa sababu maji yalikuwa bado yanatembea, mtoto alipoanza kurudi. Alipanda ngazi za baraza, akapita kwenye mbao za baraza kuja mlangoni, na valvu ikamsikia naye. Na mwendo wake ulikuwa ule ule. Uzito ule ule, kusimama kule kule. Kwenye spika kando ya mlango tukasikia watu wawili wakija, bega kwa bega, wakipishana hatua, wakifika.

Mlango ukafunguka.

"Karibuni," mama akasema.

Aliingia peke yake, matope mpaka magotini, mikono imechubuliwa na mawe. Alikuwa amekaa kule muda mrefu kuliko kizibo kinavyohitaji, na macho yake yalionyesha amekaa na nani. Hakukaa. Alisikiliza maji yakitembea.

"Nimefunga, nimefungua," akasema.

"Tumesikia," nikamjibu.

Akamtazama mama yake. "Nitawapigia simu wenzangu. Nitawaambia ni mfereji." Akasita. "Ni mfereji kweli, mama. Umeelewa? Si kwamba nakubembeleza."

"Nimeelewa. Mimi si mtoto."

"Kwa hiyo unabaki."

"Nilikuwa nabaki tangu mwanzo," mama akasema, na akainuka kuchemsha chai. Lakini niliona alivyoshika ukuta alipopita.

Nikafungua mkoba wangu. Nilikuwa na valvu nzuri ya akiba, nimeihifadhi kwenye pamba kama yai, na kwa ile mpya redio ingekuwa kimya kabisa siku za maji. Nikamwonyesha mtoto. Nikamweleza kwamba nikiiweka hii, kwaya itabaki kwaya na mfereji utabaki nje, na mama atapumzika.

Akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaiangalia kwa muda. Kisha akanirudishia.

"Iache ile ile," akasema. Akatazama jikoni, akashusha sauti. "Ila usiiache mlangoni. Irudishe kushoto."

Nikazima, nikabadilisha kwa leso, nikawasha. Mama akaleta vikombe. Vishindo vilikuwa dirishani, kando ya kiti, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa kwenye kile kiti, ingawa stuli zilikuwa chache na mimi, kwa mwili wangu huu, nililazimika kunywa chai nimesimama. Tuliongea habari za bei ya kahawa. Tuliongea kwa sauti ya chini kidogo kuliko inavyostahili bei ya kahawa. Jirani alipoita kwamba zamu imekwisha, na vishindo vikaachana, vikapungua, vikakoma, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuaga, na mlima ule niliuteremka kwa kasi ambayo hata kirikuu kingeniomba nikisubiri.